Jini la Saa Nne Asubuhi

Majini ya watu wengine huja usiku, paka wakilia na milango ikijifungua yenyewe. La Almasi lilikuja saa nne asubuhi, siku ya kazi, jua likiwaka na redio ya jirani ikipiga kelele.

Almasi halikuwa jina lake. Alikuwa fundi vioo, na wateja walimbandika jina la kile kifaa chake kidogo cha kukatia, chenye punje ya almasi kwenye ncha. Mumewe alitengeneza fremu za madirisha katika karakana hiyo hiyo, na alikuwa na maneno yake aliyowaambia wateja: "Huyu akikata kioo, kioo chenyewe kinashukuru." Kwa miaka kumi na moja mke wake hakuwa amevunja shiti hata moja ya kioo kwa kosa lake.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia kioo cha kujitazamia, kipana kama kitanda, kilichoagizwa na mwenye saluni. Rula ilikuwa imeshawekwa na mstari umefika nusu, ndipo akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nguo iliyolowa ikasahauliwa kwenye ndoo siku tatu nzima. Akatazama chini ya meza kama kuna tambara bichi. Hapakuwa na kitu. Akaurudia mstari wake, na hapo pumzi ikamgusa kisogoni.

Angesema ni upepo, lakini upepo haupumui. Kitu hiki kilivuta hewa, kikatulia, kikaitoa, vuguvugu, kama mtu asiye na adabu anayekusimamia mgongoni kwenye foleni. Almasi akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Moyo ukaanza kumwenda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana kana kwamba mtu amempandia kwa magoti, na sauti ikamwambia sikioni, taratibu, kwa upole wa mtu anayekutakia mema: "Toka. Toka humu, utakufa."

Mkono ukateleza. Kioo kikalia kraa, kikapasuka pembe hadi pembe.

"Mke wangu!" Mumewe aliiacha misumeno yake akaja mbio. "Umejikata?"

"Nakufa," alisema Almasi. "Nipeleke nje, nakufa."

Hospitali walimpima moyo kwa mashine, wakampima damu, wakampima na pumzi. Daktari wa zamu, ambaye foleni yake ilikuwa imefika mlangoni, alisaini karatasi akasema, "Moyo wako mzima kabisa, mama. Nenda kapumzike." Na kweli alikuwa ameshapata nafuu. Nafuu ilikuja pale pale alipovuka mlango wa karakana. Hilo ndilo lililomponza. Alitoka, kitu kikanyamaza, na mwili ukakumbuka kwamba kutoka kunatuliza.

Wiki ya pili kikamkuta ghorofa ya nne, akipachika kioo cha dirisha kwenye jengo jipya. Harufu kwanza, halafu pumzi, halafu "Toka." Akaziteremka ngazi akishika ukuta, akamwachia mumewe dirisha limekaa wazi. Tangu siku hiyo hakupanda ghorofa tena. Kikamkuta dukani, akaacha vitu juu ya kaunta na mwenye duka akimwita. Duka nalo hakulikanyaga tena. Ukaja mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yake wa miaka tisa. Alikaa kiti cha mwisho, akavumilia dakika tano, akatoka akijifanya anapokea simu. Mahali kilipopachukua hakikuparudisha tena. Huku nyumbani alianza kujishika shingoni kuhesabu mapigo ya moyo, hata akiwa anakula, hata mumewe akimsimulia kichekesho. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Binti akidondosha kijiko, yeye anaruka.

"Una nini siku hizi?" mumewe alimuuliza.

"Sina kitu."

"Mke wangu, mtu asiye na kitu hashiki shingo kama anayeogopa itadondoka."

Hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa mama yake, mtaa wa pili tu, akitembea karibu na kuta.

Mama yake alikuwa haonekani nje ya ua wake. Miaka na miaka watu walijua ni ugonjwa wa miguu, na wakimletea vitu walivipitisha juu ya ukuta. Almasi alimkuta kibarazani ana ungo wa mchele mapajani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kuna kitu kinanipumulia."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

"Kinanuka?"

Almasi aliitikia kwa kichwa. Mama ndiye aliyeitaja harufu. "Nguo mbichi. Nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo."

"Mama! Unakijua?"

"Punguza sauti." Mama aligeuka akautazama mlango wa chumba chake, kama mtu anayehakikisha mgeni bado amelala. "Ni jini. Lilikuwa la bibi yako. Tulipomzika nikadhani tumelizika naye. Mwaka aliozaliwa mdogo wako, nikiwa sokoni, likanishika. Nilijua nakata roho mbele za watu. Nikarudi nyumbani, likatulia. Kesho yake sikwenda sokoni. Mwaka uliofuata sikwenda kumzika dada yangu. Wewe ulidhani ni miguu? Miguu yangu haina ugonjwa wowote. Mimi na lenyewe tumekubaliana. Nikibaki ndani ya ua, linaniacha."

"Miaka thelathini, mama?"

"Linataka kidogo tu, mwanangu. Lipe." Akarudi kuchambua mchele, lakini Almasi aliona kwamba alikuwa akiokota na punje nzima, anazitupa pamoja na mawe.

Habari ikamfikia wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema. Yeye hakungoja kuulizwa. Alimleta mganga mchana kweupe, mzee mpole aliyevua viatu vyake mlangoni na kusalimia mpaka mtoto. Mganga akafukiza moshi chumba kwa chumba, akasoma aliyosoma, akamwekea Almasi kiganja utosini. "Limezoea kukunasa njiani," alisema. "Siku arobaini usivuke kizingiti. Likikukosa nje litatafuta pengine."

Siku tatu za kwanza Almasi alilala kama mtoto mchanga. Wifi akatangaza mtaa mzima. Siku ya nne, akiwa anakunja nguo sebuleni, dirisha wazi na majirani wakizungumza nje, harufu ikatoka chini ya kochi.

Lilikuwa limeingia ndani. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na pa kukimbilia, halikuwa tena na haraka, lilimfuata kutoka sebuleni kwenda jikoni, likasimama naye mbele ya jiko akikoroga, likamfuata bafuni likamngoja nyuma ya pazia huku yeye akijimwagia maji macho wazi kwa kuogopa kuyafumba, likajifunza mapigo ya moyo wake likawa linapumua kwa mapigo hayo hayo, mpaka akawa hajui pumzi ipi ni yake na ipi si yake, akawa anazuia yake makusudi ili asikie, na alipoizuia akasikia ile nyingine ikiendelea, taratibu, bila kukatika. Alihama sebule. Alihama jikoni, mumewe akawa ndiye mpishi, na chumvi zake kila mtu alizijua. Siku ya ishirini na sita Almasi alikuwa anaishi kitandani, upande wa ukutani, na jini lilikuwa na nyumba nzima.

Siku hiyo simu ikalia. Alikuwa mwalimu. "Mama, mtoto ameteleza kwenye ngazi. Mkono umevunjika, nadhani. Analia anakutaka wewe. Njoo tumpeleke hospitali."

Mumewe alikuwa juu ya jengo, simu yake ndani ya begi. Almasi alimpigia mara sita. Halafu akavaa kandambili, akafunga kitambaa kichwani, akafika mlangoni, akashika komeo. Alikuwa ameshalivuta nusu pale kiganja kisichoonekana kilipoufunika mkono wake, kibichi, kizito, na sauti ikaanza, si neno moja tena bali maneno yanayomiminika, kwamba atazimika barabarani, kwamba gari litamkanyaga mbele ya watoto wa watu, kwamba moyo wake ule waliosema mzima walikosea kuupima, kwamba mtoto ana mwalimu wake na mwalimu anatosha, kaa, kaa tu kidogo lipite, na akateleza mgongo ukisuguana na mlango mpaka chini, akakaa sakafuni amevaa kandambili zake, akilia jina la mwanawe ndani ya kitambaa ili majirani wasisikie.

Saa tisa mumewe aliukuta mlango umekwama, kwa sababu mkewe alikuwa ameuegemea bado; alipoambiwa habari za mtoto, akakimbilia hospitali.

Jioni mtoto alirudi na baba yake, mkono ndani ya plasta. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomchoma Almasi. "Nilimwambia mwalimu asikusumbue," alisema binti. "Nilijua hutakuja."

Pale hospitali, plasta ikingoja kukauka, mumewe alikuwa amemsimulia muuguzi kila kitu. Muuguzi akasema huyo si mgonjwa wa kungojwa aje mwenyewe. Asubuhi iliyofuata alifika mwenzake wa kliniki ya afya ya akili, mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi, ambaye kila mtu alimwita Sista. Alikaa pembeni ya kitanda, akakubali chai, akasema, "Nieleze tangu siku ya kwanza. Usiruke kitu hata ukiona ni cha aibu."

Almasi alimweleza yote, harufu, pumzi, sauti, na miaka thelathini ya mama yake. Sista hakucheka wala hakushtuka. Aliandika.

"Linakuja ghafla?"

"Ghafla."

"Moyo mbio, ganzi, kifua kubana, unajua kabisa unakufa. Na lisipokuwepo unaishi kwa kuogopa litarudi lini."

"Ndiyo. Amekwambia mume wangu?"

"Hajaniambia. Likikupata hudumu dakika ngapi?"

Almasi alifikiri. "Sijui. Huwa nakimbia kabla halijaisha."

Sista akaiweka kalamu chini. "Kila mara?"

"Kila mara."

Almasi akanong'ona, kana kwamba kuna wa tatu asiyetakiwa kusikia: "Sista, niambie ukweli. Ni jini, au nimeshakuwa kichaa?"

"Kichaa si wewe. Kliniki tunauita ugonjwa wa hofu, na wanaokuja nao ni wengi kuliko unavyodhani, wanaume kwa wanawake, tena wengine wenye sauti kubwa barazani. Mara nyingi unatembea na ukoo kama ulivyotembea kwenu. Ninyi mnauita jini. Sikuja kugombea jina. Nimekuja kwa sababu una tiba."

"Na ule moshi?" aliuliza mumewe kutoka mlangoni.

"Aliyemtuliza siku tatu hana ubaya. Ila hiyo amri ya kutotoka, shemeji, hiyo ndiyo iliyolinenepesha." Akamgeukia Almasi. "Daktari atakuandikia vidonge. Utameza kila siku. Wiki za mwanzo vitakuchafua tumbo na hutaona faida, usikate tamaa, na siku ukijisikia mzima usiviache ghafla bila sisi kujua. Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Ngumu ni mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Ya kutokimbia."

Zoezi la kwanza lilikuwa mlango. Zoezi la tatu lilikuwa geti. Sista alimsimamisha nje ya geti saa nne asubuhi, akamfundisha kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, akamwambia jambo moja: "Likija, usibishane nalo na usiondoke. Mimi nitaangalia saa."

Likaja. Harufu ikamzunguka, ganzi ikapanda kutoka vidoleni hadi midomoni, jua likawa jeupe mno na barabara ikawa ndefu mno, na nyuma yake pumzi ikaja karibu kuliko siku zote, karibu mpaka nywele za kisogo zikalowa, na sauti haikuwa ya upole tena, ilikuwa ikimtukana, ikimwita kwa jina lake la utotoni ambalo hata mumewe hakulijua, ikimwambia toka, rudi, toka, ingia, kama kitu ambacho chenyewe hakijui tena kinataka nini, na yeye akakishika chuma cha geti akatoa pumzi, akatoa tena, machozi yakimchuruzika, akisema moyoni nakufa basi, nife hapa hapa.

Hakufa. Dakika ya tisa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Dakika ya kumi na tano aligundua anasikia kuku wa jirani. Dakika ya ishirini na tatu harufu ilikuwa imekwenda, na miguu yake ilikuwa bado nje ya geti.

"Limeondoka," alisema, kama asiyeyaamini masikio yake. "Sista, limeondoka lenyewe."

"Wewe je?"

"Nimechoka kama niliyebeba mizigo ya mji mzima."

"Basi kesho tena."

Ikawa kesho tena na kesho tena. Vidonge vilimtapisha wiki nzima. Siku moja alifika kona ya barabara akashindwa, akarudi mbio, akajifungia akilia. Sista alipokuja hakumgombeza wala kumbembeleza, alisema tu, "Tuanze nusu ya njia." Mwezi wa pili alitembea hadi shuleni peke yake. Binti alipomwona getini alimtazama, akatazama nyuma yake, akatazama tena.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu." Akafikiri kidogo. "Karibu peke yangu."

Mtoto akampa mkoba aubebe. Njia nzima hakuuachia mkono wake.

Mwezi wa tatu alirudi karakana. Mwenye saluni alikuwa bado anakitaka kioo chake. Almasi akakilaza kioo kipya mezani, akaweka rula, akashika kifaa chake. Mumewe alijifanya anapiga randa, ingawa hapakuwa na mbao. Mstari ulipofika nusu, harufu ikafika. Almasi hakugeuka. Aliendelea kutazama kioo, akajiona mwenyewe, uso na kitambaa chake, na kando ya sikio lake la kushoto, juu ya kioo kikavu kilichofutwa dakika moja tu iliyopita, akaona ukungu ukichanua. Duara dogo, la pumzi. Likafifia. Likachanua tena, kwenye uwazi ambapo hapakuwa na kinywa cha mtu yeyote.

Mkono ulimtetemeka. Alingoja utetemeke mpaka ushibe. Kisha akachukua kitambaa, akaifuta ile alama, akaubeba mstari wake mpaka mwisho, na kioo kikakatika kwa sauti moja safi.

"Umeona kitu?" mumewe alinong'ona, maana uso wa mkewe ulikuwa umebadilika rangi.

"Nimeona. Nipe kipande cha pili."

Angekuwa mtu wa kusema amepona, hapo ndipo angesema. Lakini Jumapili alipokwenda kumtazama mama yake, kibaraza kilikuwa kitupu. Alimkuta chumbani, amekaa juu ya kitanda, magoti yamekunjwa kifuani, na ungo wa mchele sakafuni umeshika vumbi.

"Usiingie sana," alisema mama. "Kaa hapo mlangoni."

"Kuna nini, mama?"

"Wewe umelishinda lako. Limekuja hapa." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Sasa yako mawili. Ua yameuchukua. Kibaraza yamekichukua. Nasikia moja likivuta pumzi, jingine likitoa. Hayapishani, mwanangu. Yanapokezana."

Almasi alisimama kizingitini na nywele zikamsimama. Kila kiungo mwilini mwake kilimwambia atoke. Akavuka kizingiti, akaenda kukaa kitandani, bega kwa bega na mama yake, akakaa hapo mpaka mama alipoanza kulia.

"Kuna mtu nataka aje akuone," alisema. "Ana viatu vya vumbi. Utampenda."

"Mimi mtu mzima, nitaanza leo kwenda hospitali?"

"Utaanza na mlango, mama. Hospitali ni baadaye."

Ilichukua majuma saba. Chumba, kibaraza, ua. Mama alizigomea dawa, akazikubali, akazigomea tena, akamwita Sista majina ambayo Sista aliyaandika kwenye daftari lake akicheka. Mpaka asubuhi moja, mbele ya Almasi peke yake, akavaa viatu vya ngozi vilivyokakamaa kwa kukosa miguu, akafungua geti lake, akatoka hatua mbili hadi njiani.

Akasimama. Akatetemeka hadi hereni zikalia.

"Yote mawili yapo," alinong'ona.

"Nayasikia."

"Yananiambia nirudi."

"Yaache yaseme."

Ng'ambo ya njia jirani alitoka na beseni la nguo. Kwa miaka thelathini alikuwa akimjua mama huyu kuanzia mabega kwenda juu. Akafungua kinywa, akakifunga, akaweka beseni chini, akaingia ndani akatoka na kigoda. Akakileta mpaka katikati ya njia, akakiweka bila neno.

Mama akakitazama, akakikalia. Kijasho kikimtiririka mashavuni, mikono ikikishika kigoda pande mbili, akabaki hapo hapo katikati, na waendesha baiskeli wakaanza kumzunguka wakipiga kengele. Mmoja akasimama kabisa, amebeba kreti la mayai, hana pa kupita.

"Bibi, samahani, naomba njia."

"Pita pembeni, mwanangu," alisema mama, macho yake yametazama mbele. "Mimi bado sijamaliza."